Tingatinga Halina Mama

Delsie Ewan hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Aliinywa mlangoni, bega moja ndani na bega moja nje, macho yakiwa barabarani, na mara nyingi nusu ya chai ilimwagwa kwenye majani kwa sababu alikuwa ameshaondoka. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa garini ndiyo maana akadhani dunia yote ni gari. Na hilo la kuzaliwa lilikuwa kweli. Alizaliwa nyuma ya pikapu ya mjomba wake Frazier, katikati ya baridi, mama yake akiwa njiani kupelekwa hospitali, wala hospitali hawakuifikia. Frazier alisimamisha gari kando ya barabara, akageuka kutazama misonobari kwa adabu, na dada yake akamaliza kazi peke yake.

Barabara yenyewe watu wa huko huiita Mkato. Ziko barabara mbili kubwa katika nchi hiyo ya Alaska, moja inatoka baharini kusini na kupanda mpaka Fairbanks, nyingine inaingia kutoka Kanada. Mkato umezifunga pamoja kama kamba iliyofunga magogo mawili. Anayetoka Tok kwenda Gakona akipita Mkato hufika chakula chake alichofungasha kingali na moto. Asipoupita, itambidi azunguke kwa Delta, na atafika jioni amechoka na amegombana na aliofuatana nao.

Walioikata ni askari weusi, vijana waliotoka kusini kwenye joto, wakaletwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kufyeka msitu wa barafu. Frazier alikuwa mtoto wakati huo. Aliwaona wakichimba huku wakiimba, pumzi zao zikitoka kama moshi wa mabomba. Mmoja wao, mrefu, aliyekuwa akila samaki mkavu wa mama yake Frazier kama mtu anayekula peremende, alimwachia sepetu lake la jeshi walipohama. Sepetu hilo lilitundikwa ukutani kwa Frazier maisha yake yote. Mpini aliubadilisha, halafu akaubadilisha tena. Bamba la chuma lilibaki lile lile.

Barabara ilipokwisha, Waahtna, wenyeji wa nchi hiyo, wakaacha njia zao za mtoni na kujenga kando yake, pale Chistochina kijijini kwa kina Delsie na penginepo, kwa kuwa gari halikufuati mtoni. Lakini haikuwa barabara yao, na walilijua hilo. Ilikatwa ili watu wengine wafike kwingine upesi. Magari yalipita na matela na mashua juu ya matela, watoto wa watu wakiwapungia mikono nyuma ya vioo, na vumbi lilikuwa ndiyo salamu yenye kubaki.

Sasa ardhi ya huko chini yake ni barafu, na barafu haipendi kulaliwa. Kila majira ya baridi huinua mgongo, kila kiangazi huushusha, na lami hubaki imekunjamana kama blanketi lililotandikwa na mtu mwenye hasira. Kwa hiyo Mkato hutengenezwa kila mwaka, na kila mwaka huharibika tena, na hapo ndipo Delsie alipopata kazi iliyomfaa kuliko kazi zote. Aliendesha gari la kuongoza msafara. Penye matengenezo, magari ya pande zote mbili husimamishwa, kisha gari moja lenye bango nyuma, NIFUATE, huyaongoza polepole kupita kwenye kokoto na mashimo. Likifika upande wa pili hugeuka na kuongoza wengine kurudi. Delsie alifanya hivyo kiangazi baada ya kiangazi. Alisafiri mbali kuliko mtu yeyote kijijini na hakuwahi kufika popote. Wenzake walimtania wakimwambia ana bahati, anaendesha kutwa nzima na bado analala kwao.

Kabla ya hapo alijaribu mengi. Aliishi Anchorage, akasuka nywele, akauza tiketi za sinema, akafua mashuka ya hoteli. Kila mahali alikaa mpaka alipojua mlango wa nyuma unafunguka upande gani, kisha akatoka. Aliolewa na Clayton, mwanamume wa Tanacross, mtu mpole anayeweza kushinda kutwa akichonga kasia moja bila kuinua uso. Waliachana bila ugomvi. Delsie alisema kuishi na Clayton ni kama kuchemsha maji kwa jua. Clayton alipoulizwa upande wake, alifikiri kwa muda mrefu mpaka aliyeuliza akaenda zake.

Mtu pekee aliyeweza kumtuliza alikuwa mjomba Frazier, na yeye hakumtuliza kwa kumwambia tulia. Alimpa kazi ndogo ndogo. Nifungulie kopo hili. Nitazamie gurudumu la samaki, lile linalozungushwa na maji ya mto, kama limenasa kitu. Watu wa huko huhesabu ukoo kwa mama, hivyo Frazier na Delsie walikuwa damu moja, Mashakwe wote wawili, yaani watu wa ukoo wa Shakwe. Baba yake Delsie alikuwa Kunguru, kama Clayton, kwa maana Shakwe haoi Shakwe wala Kunguru haoi Kunguru. Ni nyumba mbili zinazotazamana. Moja ikilia, nyingine inafanya kazi.

Na hili ndilo jambo lenyewe. Shakwe akifa, Makunguru ndio wanaomvika, ndio wanaotengeneza jeneza, ndio wanaopika, ndio wanaochimba kaburi na kulizungushia ua. Mashakwe wanakaa. Wanalia, wanaimba, wanatafuta mablanketi na bunduki na vitu vizuri, na mwisho kwenye karamu kubwa, wanayoiita potlachi, wanawapa wale waliofanya kazi. Kumchimbia mtu wa damu yako ni *engii*, mwiko, na *engii* haina faini unayolipa ikaisha. Inakuja kuwatafuta watoto.

Mwaka ule Frazier alipougua na kuwekwa kitandani karibu na dirisha, Delsie alipita kila akitoka kazini, akasimama mlangoni na chai yake.

"Nikifa," Frazier akamwambia siku moja, "wewe utakaa."

"Hufi leo, Mjomba. Leo kuna nyama ya musi."

"Nakula musi kwanza. Halafu nikifa, unakaa. Waache Makunguru wanichimbie, hata wakichelewa. Nakujua. Utataka kusaidia."

Delsie akacheka, akasema sawa. Frazier akamwambia aseme akiwa ameketi. Basi akaketi kwenye ncha ya kitanda, akasema, "Nitakaa, Mjomba," na akainuka. Mzee akatikisa kichwa, akageukia bakuli la musi, yule mnyama mrefu wa vinamasi ambaye pembe zake ni pana kama sinia, na mchuzi wake ndio alioupenda kuliko dawa.

Alifariki mwezi wa Agosti, asubuhi ya mvua.

Ilitokea kwamba Makunguru wenye nguvu wote wa kijiji walikuwa wameondoka kwenda Tanacross kwenye potlachi ya msiba mwingine. Delsie mwenyewe ndiye aliyewaongoza walipopita kwenye matengenezo, wakimpigia honi na kumwita dereva wa kobe. Mama mdogo wake, Luella, akapiga simu Tanacross akasema, "Frazier ametuacha, njooni." Akasikia sauti ya Clayton ikianza kujibu, na simu ikakatika. Mvua ilikuwa imejaza kijito kule juu, upande wa Mentasta, kikabeba kalavati lote na lami iliyokuwa juu yake, na nguzo za simu zikaangukia mle mle. Delsie alikwenda akapaona. Barabara ilifika ukingoni ikakoma, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ng'ambo ile ya maji iliendelea tena.

Msimamizi wa matengenezo, Bwana Hal, mzungu mwekundu wa uso mwenye moyo mzuri, alimwambia haitapitika wiki hiyo.

Kijijini kulibaki wanawake wachache wa Kunguru, nao wakapika. Akabaki pia mzee Sampson, kaka wa marehemu baba yake Delsie. Sampson alikuwa fundi seremala zamani, akatengeneza jeneza kwa siku mbili, akisimama kila mara kushika nyonga yake na kuilaumu kwa jina. Lakini kaburi ni jambo lingine. Kule kilimani kwenye makaburi udongo wa juu ni laini wa kiangazi, na chini yake kuna barafu ya tangu dunia iumbwe, inayotaka sururu na wanaume wa zamu. Sampson alitembea kwa mkongojo.

Wakangoja. Mvua ikakatika, jua likatoka, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Marehemu alikuwa amelazwa kwenye ukumbi wa kijiji, madirisha wazi, na kila mtu alijua bila kuambiwa kwamba joto halisubiri.

Delsie alitembea. Alikwenda mpaka kwenye bomoko la barabara, akatazama ng'ambo, hakuona mtu, akarudi. Akapanga mablanketi, akayapangua, akayapanga kwa rangi. Akaosha gari. Akaenda tena kaskazini kutazama bomoko. Mama mdogo Luella, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alimwambia kukaa nako ni kazi, na yeye anaitoroka kazi hiyo. Delsie akasema anakaa. Luella akamwambia, "Umekaa kama kuku kwenye bati la moto."

Hapo ndipo Bwana Hal alipokuja, kofia mkononi, kutoa pole. Aliposikia shida yao alishangaa kwamba ni shida. Akasema anayo tingatinga pale kambini. Atalipandisha kilimani, na kabla sigara haijaisha shimo litakuwa tayari, barafu na yote. Bila malipo, kwa heshima ya mzee.

Mashakwe wakatazamana. Vijana wawili watatu wakasema hilo ni jambo jema, mambo yamebadilika, na mashine si mtu. Wakamgeukia Sampson kwa kuwa yeye ni Kunguru na kaburi ni la upande wake.

Sampson akafikiri akitazama mkongojo wake.

"Hilo tingatinga," akauliza, "ni la ukoo gani?"

Wakacheka kidogo, hata wenye machozi.

"Ni la serikali, Mzee," akasema mmoja.

"Nimeuliza ukoo. Mama yake nani?"

"Tingatinga halina mama, Baba Mkubwa," Delsie akasema.

"Basi litakuwa Shakwe au Kunguru vipi? Na wewe bwana," akamwambia Hal kwa upole, "mama yako tunamheshimu, lakini hatujui nyumba yake iko upande gani wa moto."

Hal hakuelewa vizuri, akatabasamu. Lakini neno halikuishia hapo, maana Sampson alisema yeye hana nguvu ya kukataa kwa kuwa hana nguvu ya kuchimba. Akasema Frazier aliacha neno kwa Delsie, kila mtu analijua, basi Delsie aseme.

Delsie alikuwa amesimama mlangoni. Miguu yake ilikuwa imeshajibu kabla ya mdomo. Alimwambia Hal alete tingatinga kesho adhuhuri. Luella akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango bila kuugongesha, na huko kutokugongesha ndiko kulikomchoma Delsie.

Usiku huo ulikuwa mfupi kama kawaida ya kiangazi cha huko. Mapema, umande ungali kwenye majani, Delsie alilitoa sepetu la jeshi ukutani kwa mjomba wake. Alijiambia kwamba hachimbi. Anakwenda tu kuondoa majani ya juu, ili mashine ipate alama. Alipanda kilima akitembea haraka, na alipokuwa akipanda alijiambia pia kwamba kuondoa majani si kuchimba, na kwamba udongo kidogo ukishikamana na majani si kosa la mtu. Alifika juu akiwa tayari ameshajisamehe mambo ambayo hakuwa ameyafanya bado.

Akamkuta Sampson. Mzee alikuwa ameketi chini kwenye nyasi, mguu mmoja umenyooshwa, mkongojo pembeni, na mkononi ana kopo la kahawa. Alikuwa anachota udongo kwa kopo, anaumwaga upande, anapumzika, anachota tena. Shimo lilikuwa na ukubwa wa beseni la kunawia mikono.

"Umechelewa, binti," akasema. "Nimeshaanza."

Delsie akaweka sepetu begani kama vile lilikuwa fimbo tu ya kutembelea. Akamuuliza amepandaje kilima chote kile na nyonga ile. Sampson akasema amepanda tangu jana jioni, alikuwa anapumzika kila penye jiwe, na kuna jiwe moja pale chini ambalo sasa wamekuwa marafiki.

"Kwa kopo hilo utamaliza theluji ikianguka."

"Huenda."

"Baba Mkubwa, tingatinga linakuja adhuhuri."

"Lije. Mimi sikulikataza. Nataka tu likija likute Kunguru ameshaanza. Ili Frazier akiulizwa huko aliko nani alikuchimbia, asiseme hajui." Akachota, akamwaga. "Hilo sepetu umelileta la nini?"

Delsie akalishusha begani.

"Lete nilione."

Akampa. Mzee akalipima uzito, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chuma. Akasema anamkumbuka yule askari mrefu. Akasema yeye na Frazier, watoto wawili, walimuuliza mnachimba nini, naye akawaambia anachimba njia ya kwenda nyumbani, lakini wanaizuia isielekee kusini. Wakacheka wote, hawakujua anachosema. Kisha Sampson akaliweka sepetu upande wake wa pili, mbali na Delsie, akarudi kwenye kopo.

"Kaa, mwanangu."

"Nimesimama tu."

"Ndiyo. Kaa."

Akakaa. Alikaa kwenye nyasi zenye umande, na maji yakapenya suruali. Mzee alichota. Kopo lilipiga kokoto. Chini kwenye Mkato gari moja lilipita likaelekea kaskazini, likaenda kukutana na mwisho wa barabara, na baada ya muda likarudi. Delsie aliinuka, akakaa. Aliona mzizi umejitokeza shimoni na mikono yake ikataka kuung'oa. Akaikalia mikono. Kazi hiyo ndogo, mzizi mmoja, ingemchukua muda wa kupiga chafya. Sampson aliuzunguka, akaukwangua, akauvuta, akapumzika, akauvuta. Delsie alijisikia ngozi yake ni nguo ya mtu mwingine. Alikwisha kuendesha gari kwenye dhoruba ya theluji bila kuona pua ya gari, na haikuwa kazi ngumu kama hii.

"Inauma?" Sampson akauliza bila kumtazama.

"Inauma."

"Basi ndivyo inavyofanywa. Ulifikiri sisi tunaochimba ndio tunaochoka?"

Adhuhuri walisikia mngurumo. Tingatinga lilikuwa linapanda njia ya kilimani, la manjano, mkono wake umekunjwa kifuani, Hal mwenyewe akiliendesha kwa uangalifu asikanyage ua wa kaburi la mtu. Sampson aliendelea kuchota. Shimo sasa lilikuwa la kutosha kumzika mbwa mdogo.

Delsie akasimama. Akashuka hatua chache mpaka katikati ya njia, akainua mkono wake wa kulia, kiganja mbele, kama alivyoinua mara nyingi mno kiangazi hicho, mbele ya malori na mabasi na watu wenye haraka zao. Hal, mtu wa barabara, akasimama palepale. Mkono ule hausubiri kuelezwa.

Alimwendea dirishani. Alimshukuru, *tsin'aen*, mara mbili. Akamwambia kosa ni lake, alisema haraka. Hal akauliza mtafanyaje na joto hili. Delsie akasema hajui.

"Hujui?"

"Tutakaa," akasema, na neno likamshangaza mwenyewe.

Hal akavuta kofia. Halafu akarudi kinyumenyume kilima chote, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kugeuza, na mlio wa kurudi nyuma ukasikika mpaka kijijini, tii, tii, tii, na watu wakatoka nje kutazama.

Mama mdogo Luella alipanda baadaye na wanawake wengine wa Shakwe, wakaleta mkate wa kukaanga na samaki mkavu. Hakusema habari ya jana. Aliketi karibu na Delsie hivi kwamba goti la Delsie lilipoanza kutikisika lilimgonga, naye akaweka mkono wake mzito juu ya goti hilo na kuuacha hapo. Wakaanza kuimba wimbo wa kulia wa Frazier, taratibu. Sampson alichota kopo kwa kufuata wimbo. Wote macho yao yako kaskazini, upande wa Mentasta, kwenye kona ambapo magari ya Tanacross hutokea. Kona ilikuwa tupu. Jua la huko halina haraka ya kuzama, likawa linateleza tu pembeni, na mlima Sanford ukageuka rangi ya ndani ya samoni.

Aliyesikia kwanza ni Luella. Akasema kuna magari. Wakatazama kaskazini, hakuna kitu. Akasema si huko.

Yalikuja kutoka kusini. Pikapu tatu kuukuu, zimepakwa tope mpaka vioo, taa zinawaka mchana, na nyuma ya ya kwanza wanaume wamesimama wameshika sururu. Kwa muda watu wa kilimani hawakuelewa wanachokiona, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona Tanacross ikitokea Gakona. Walikuwa wamezunguka. Walipokuta Mkato umekatika walirudi Tok, wakaenda Delta, wakashuka barabara kubwa ya kale mpaka Gakona na kupanda tena. Pikapu moja iliwaharibikia njiani wakalala huko siku mbili wakiitengeneza. Njia hiyo ilikuwepo siku zote. Miaka hamsini ya Mkato ilikuwa imewasahaulisha wote, wazee kwa vijana, kwamba kabla ya njia fupi kulikuwa na njia.

Clayton aliteremka wa kwanza, polepole, akijinyoosha mgongo kiungo kimoja baada ya kingine. Akapanda kilima. Akamsalimu Luella, akasalimu wanawake wote kwa zamu, akafika kwa Sampson, akachungulia shimo.

"Nani kachimba hili?"

"Mimi," akasema Sampson.

"Kwa nini hukumaliza?"

"Nilikuachia sehemu rahisi. Chini ni barafu."

Makunguru wakacheka, wakavua majaketi. Clayton akaokota sepetu la jeshi kwenye nyasi, akalitazama, kisha akamtazama Delsie alivyoketi na majani yamemshika suruali yote nyuma.

"Umekaa," akasema.

"Usinichekeshe. Chimba."

Wakachimba. Walifika barafu, wakaivunja kwa sururu, mapande yakaruka yakameta juani, na walibadilishana zamu bila kuambiana. Delsie hakuinuka. Mara moja tu, pande la barafu lilipobingirika mpaka mguuni pake, aliligusa kwa kidole, kisha akaficha kidole. Frazier akazikwa siku iliyofuata kwa mikono ya watu waliostahili, na ua mweupe ukazungushwa.

Kwenye potlachi Mashakwe walitoa vitu. Mablanketi yalirundikwa ukumbini mpaka karibu na dari, bunduki zikawekwa mbele, watu wakacheza mpaka sakafu ikalalamika. Blanketi nene kuliko yote, la sufi, lenye mistari myekundu, Delsie alimvika Sampson mabegani mwenyewe, na mzee akasema sasa ataweza kuchimba hata baharini. Sepetu alimpa Clayton. Clayton akaligeuza mikononi kwa muda wake, watu wakangoja, na Delsie, hilo nalo lazima lisemwe, alingoja pia.

"Mpini huu," Clayton akasema mwishowe, "unataka kubadilishwa."

"Utachukua mwaka."

"Huenda mmoja na nusu."

Barabara ilipofunguliwa juu ya kalavati jipya, kokoto tupu kwanza, Delsie alirudi kwenye gari lake la NIFUATE. Chai yake alikuwa bado anaimwaga nusu, na hata leo anaimwaga. Siku ya kwanza Sampson aliomba ampeleke Mentasta kwa jamaa zake, akaingia na blanketi lake, akalifunga mwili mzima ijapokuwa kulikuwa na joto, na kabla hawajafika kwenye kokoto alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea kioo. Kila shimo lilimtikisa kichwa.

Delsie akapunguza mwendo. Akapunguza tena. Nyuma yake msafara ulikuwa mrefu, matela na mashua na malori, watu wa kwenda kwingine, na honi ya kwanza ikalia, halafu ya pili. Redio ikakoroma na sauti ya Bwana Hal ikauliza kuna nini mbele, mbona wanatambaa.

Delsie akachukua kipaza sauti, akakiweka karibu sana na mdomo ili asiseme kwa nguvu.

"Kuna mzee amelala," akasema, na akaendelea hivyo hivyo.